Sampuli zinatoka Kusini, ajira je? Jinsi mhitimu wa sayansi anavyoingia kwenye utafiti Mtwara na Lindi

Tangazo la nafasi za Afisa Utafiti Kilimo Daraja la II likitoka Ajira Portal, mfumo wa Serikali wa kuombea kazi mtandaoni, halikawii kuzunguka makundi ya WhatsApp ya wahitimu kuanzia Shangani hadi Nachingwea. Kila mtu anamtumia mwenzake, kila mtu anaomba. Kinachofuata ni kusubiri: majina ya walioitwa kwenye usaili, mtihani wa mchujo, halafu kwa walio wengi, kimya. Ukikaa nao kijiweni watakuambia kazi za utafiti huku Kusini hakuna.

Wiki hiyohiyo, kwenye shamba la mikorosho Tandahimba, kijana mwenye shahada kama ya kwao amesimama chini ya mti na daftari mkononi, anakadiria ubwiriunga, yaani ugonjwa wa unga mweupe, kwenye mashada ya maua. Analipwa. Kazi yake haikupita Ajira Portal wala haikubandikwa ubaoni popote, na ukimuuliza aliipataje atakujibu, "Niliitwa tu."

Hilo "niliitwa tu" ndilo linalohitaji kufafanuliwa, kwa sababu linaficha mfumo mzima. Wengi wanaliona ni bahati au ni mjomba. Wakati mwingine kweli ni mjomba. Lakini mara nyingi zaidi ni suala la fedha: zinatoka wapi, zinaingia lini, na nani ana mamlaka ya kuzitumia.

Mifuko miwili

Mtu anayelipwa kufanya utafiti Tanzania analipwa kutoka kwenye mmoja wa mifuko miwili, na kila mfuko una utaratibu wake.

Wa kwanza ni wa Serikali. Mtafiti wa TARI (kilimo), TAFIRI (uvuvi), NIMR (magonjwa ya binadamu) au chuo kikuu cha umma ni mtumishi wa umma. Nafasi yake sharti iwemo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, iwe na bajeti ya mshahara, ipatiwe kibali cha ajira, ndipo Sekretarieti ya Ajira itangaze. Mkuu wa kituo anaweza kuwa na upungufu wa watu hadi watafiti wake wanagawana mashamba ya majaribio kama nguo za mtumba, na bado asiweze kuajiri hata mmoja. Kwa hiyo zile barua zinazoanza "YAH: MAOMBI YA KAZI" anazopelekewa ofisini zinamwomba kitu ambacho hana. Akikaa kimya si lazima awe na dharau.

Kwa mfuko huu cha kufanya ni kuwa tayari muda wote, basi. Matangazo yanataka vyeti halisi vya kuhitimu. Hati za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi. Yanataka nakala zilizothibitishwa na wakili, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu na umri usiozidi miaka 45. Kama jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la NIDA, lishughulikie leo, usingoje tangazo litoke ndipo uanze kumtafuta wakili. Na kama unalenga ngazi ya chini ya uanataaluma chuo kikuu, GPA inayotakiwa kwenye matangazo kwa mwenye shahada ya kwanza ni 3.8 kati ya 5. Chini ya hapo, usipoteze bando.

Mfuko wa pili ni wa miradi, na huu ndio watu hawauelewi. Mtafiti anaandika andiko, analipeleka kwa mfadhili, ambaye anaweza kuwa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), taasisi ya kimataifa au chuo cha nje kinachotaka mshirika wa hapa nchini. Andiko linachukua miezi mingi kujibiwa, pengine zaidi ya mwaka. Ndani ya bajeti yake tayari kuna mstari wa wasaidizi wa utafiti: wangapi, miezi mingapi, kwa kiasi gani. Kwa maana hiyo kazi unayoitafuta ilishazaliwa kwenye karatasi kabla hujahitimu. Fedha zikiingia, mtafiti mkuu hana tena muda wa kutangaza na kusaili kwa utulivu, maana msimu haumngoji na mfadhili anataka ripoti. Anafungua simu na kuwapigia watu anaowajua: aliyefanya naye mwaka juzi, mwanafunzi aliyekuja fildi akawa makini, yule aliyeandika barua pepe ya maana mwezi wa tatu.

Hapo ndipo watu husema ni konekisheni. Nikubali nusu. Ndugu wanaingizwa, na wengine hawajui hata kusoma rula. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mtafiti mkuu. Data ikivurugika, jina linaloharibika ni lake na fedha zinazodaiwa maelezo ni zake. Mtu asiyemjua kabisa ni hatari kuliko mtu wa wastani anayemjua. Kazi ya mhitimu ni kuhakikisha anajulikana kwa utendaji wake kabla fedha hazijaingia, kwa sababu baada ya hapo mlango unafungwa haraka sana.

Kwa nini huku ni shamba kuliko maabara

Kuna jambo jingine ambalo mhitimu wa Mtwara au Lindi asipolielewa atahangaika bure. Tangu zamani, sayansi ya Kusini huanzia hapa na kumalizikia kwingine.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilibebwa na wapagazi, kichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kilichotokana na safari ile kimesimama Berlin hadi leo, kirefu kupita mita 13. Uchimbaji wenyewe, usafishaji wa mifupa, ufungaji, na kujua jiwe lipi ni jiwe na lipi ni uti wa mgongo, ulifanywa na watu wa huku chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Ukitaka kujua msaidizi wa utafiti wa kwanza Kusini alikuwa nani, anza na huyo.

Miaka arobaini baadaye, 1952 na 1953, homa ya ajabu yenye maumivu makali ya viungo ilizuka Newala na vijiji vya Uwanda wa Makonde. Ndiyo chikungunya, ambayo leo inasumbua watu Asia na Amerika ya Kusini. Wagonjwa walikuwa wa huku, mbu walikamatwa huku, lakini kirusi kilichunguzwa maabara ya Entebbe, Uganda. Na mwaka 2004, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao waliokuwa wakifuatilia dawa ya kinga ya malaria kwa watoto wachanga walihoji kaya zaidi ya 21,000 katika wilaya tano, yaani Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Tandahimba na Newala, tena kwa kompyuta ndogo za mkononi wakati ofisi nyingi bado zilikuwa na makaratasi. Uchambuzi mkubwa wa kazi kama hizo hufanyika Dar es Salaam, Ifakara au Ulaya.

Mtu anaweza kulilalamikia hilo, na ana haki. Ila kwa anayetafuta kazi ya kwanza, maana yake ni hii: kama ndoto yako ni kukaa na mashine ya kusoma DNA, nafasi zako ziko Morogoro, Arusha, Bagamoyo na Dar, na ni chache. Kama uko tayari kuanzia pale sampuli inapotoka, uko mahali penyewe.

Na sampuli huku ni nyingi. TARI Naliendele, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, ndicho kituo cha utafiti wa korosho kwa nchi nzima, na pia kinashughulikia ufuta na karanga. Mbegu za ufuta za Lindi 2002 na Ziada 94 zinatokana na kazi ya pale. Mtwara kuna maabara ya mifugo ya TVLA, ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kilwa kuna shirika la MCDI linalofanya kazi na vijiji vyenye misitu ya mpingo, na mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Cheti cha namna hiyo hakidumu bila watu wa kupima miti. Bahari ya Kilwa ndiyo iliyotoa silikanti, samaki wa kale, wa kwanza kujulikana Tanzania, aliyevuliwa Songo Mnara mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinajenga kampasi Lindi.

Utaona nimechanganya taasisi za utafiti na zisizo za utafiti. Nimekusudia. Kupima chumvi ya maji ya visima kwa mwaka mzima kwenye bodi ya maji hakuitwi utafiti kwenye barua ya ajira, lakini mtafiti wa maji akiona umefanya hivyo kwa uaminifu hatakuuliza cheo kiliitwaje.

Ugonjwa mmoja, kazi nyingi

Njia nzuri ya kuona kazi ziko wapi ni kufuata tatizo moja kutoka mwanzo. Chukua mnyauko fusari wa mikorosho. Uligunduliwa mwaka 2012 kijijini Magawanyo, wilaya ya Liwale. Mikorosho yenye afya ilianza kugeuka njano na kukauka, mti mzima unakufa, na mkulima aliyezoea ubwiriunga na mdudu aitwaye mbu wa mikorosho akaona hili si la kupulizia salfa.

Taarifa ya namna hii ikifika kituoni, hatua ya kwanza ni ya miguu. Watu wanatumwa kuzunguka mashamba: miti mingapi imekufa, mingapi inaanza, umri wake, ilipandwa mbegu gani, shamba liko wapi kwenye GPS, jirani analima nini. Halafu inakuja sampuli. Unachimba mizizi, unachanja gome uone kama kuni ya ndani imepata michirizi ya kahawia, unachukua udongo wa eneo hilo. Mizizi unaiweka kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki unatoa jasho na ukifika Mtwara utakuwa umeotesha kuvu wengine kabisa. Unaandika lebo kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino unayeyuka kwa umande: tarehe, kijiji, namba ya shamba, namba ya mti, upande uliochimba, na herufi za jina lako. Lebo mbili, moja ndani na moja nje.

Kisha maabara. Kuvu anaoteshwa, anatengwa, anatazamwa kwa hadubini, na utambulisho wake unathibitishwa kwa vinasaba. Hapo haijaisha. Sharti kuvu yuleyule apandikizwe kwenye mche mzima, mche uugue vilevile, na akitolewa tena humo awe ni yeye. Ndipo unasema kwa uhakika kwamba *Fusarium oxysporum* ndiye muuaji, na si mpangaji tu aliyekutwa kwenye nyumba ya marehemu. Baada ya hapo inafuata kazi ndefu kuliko zote: kupanda aina mbalimbali za mikorosho kwenye udongo wenye ugonjwa na kungoja miaka uone ipi inavumilia.

Sasa hesabu watu. Kuzunguka na kuchukua sampuli kunahitaji wengi, kwa wiki chache, tena ghafla. Maabara inahitaji wachache, na huwa ni wale waliokwisha kuwepo. Majaribio ya shambani yanahitaji watu wa kurudi kila msimu, miaka mitatu, minne, mitano. Mhitimu anayeingia kwenye kundi la kwanza akafanya vizuri, ndiye anayehamishiwa la tatu. Nafasi ya la pili huja mtu anapoondoka kwenda kusoma, na anapoondoka huulizwa, "Nani achukue nafasi yako?" Jibu lake lina uzito kuliko tangazo lolote.

Tofauti kati ya msaidizi mzuri na wa hivihivi huonekana kwenye vitu vidogo. Kwenye kukadiria ubwiriunga, watu wawili wanatazama shada moja: huyu anasema unga mweupe umefunika asilimia 20 ya maua, yule anasema 40. Kama kila mmoja anapewa nusu ya shamba, jaribio zima limekufa, kwa kuwa tofauti ya dawa itakuwa kumbe ni tofauti ya macho. Msaidizi mzuri anaomba wafanye mazoezi pamoja kwenye miti kumi kabla ya kuanza, warudie hadi makadirio yakaribiane. Akikosea kuandika, anakata kwa mstari mmoja namba ya kwanza ibaki inasomeka, anaandika ya pili pembeni na kuweka sahihi. Hafuti kwa kifutio. Na mti ambao hakuufikia kwa sababu ya nyuki anaandika "sikuufikia, nyuki", hajazii namba inayofanana na ya jirani yake. Watafiti wanazigundua namba za kubuni upesi kuliko vijana wanavyodhani. Zinakuwa safi mno.

Msimu

Kwa kuwa kazi inafuata mazao na barabara, ina kalenda. Mikorosho huchanua kuanzia kama Juni, na upuliziaji wa salfa huanza karibu na hapo. Tafiti za magonjwa na viuatilifu zinajaza watu kipindi hicho hadi Septemba. Mavuno yanashika kasi kuanzia Oktoba, na hapo wanahitajika watu wa kupima uzito na ubora. Karanga na ufuta ni vya masika, kuanzia mvua za Desemba. Tafiti za afya zinazopita nyumba kwa nyumba hupenda kiangazi, kwa sababu Januari kuna vijiji ambavyo gari halifiki.

Kwa hiyo anayebisha hodi Juni amechelewa, timu imeshapangwa. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kubisha hodi kwa kazi za korosho, na Septemba au Oktoba kwa za ufuta na karanga. Mwaka wa fedha wa Serikali nao unaanza Julai 1, kwa hiyo kazi zinazotegemea ruzuku mara nyingi huchangamka baada ya hapo.

Barua inayojibiwa

Barua nyingi za wahitimu zinasema mwombaji ni mchapakazi, anajituma na yuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote. Zote ziko hivyo, kwa hiyo haziambii mtu chochote. Linganisha na hii:

"Dokta, habari za kazi. Nimemaliza shahada ya bayolojia, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Nimesoma makala yenu kuhusu mnyauko fusari na nimeona mlichukua sampuli Liwale. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa wa kuvu wa udongo. Nilitenga sampuli 40 na data nilichambua kwa programu ya R. Nazungumza Kimakonde na Kimwera kidogo. Naendesha pikipiki na nina leseni. Nipo huru kuanzia Mei hadi Desemba. Naambatisha wasifu wa ukurasa mmoja na jedwali la data yangu mulione. Kama hamna nafasi sasa, naomba kujua kama kuna siku ninaweza kuja kusaidia kazi ya shamba nikaona mnavyofanya."

Mistari michache, na kila mmoja unatatua shida ya msomaji. Kimakonde kinamwondolea mkalimani. Leseni ya pikipiki inamwondolea dereva, na kwa mradi mdogo hilo ni jambo kubwa kuliko GPA, wanisamehe walimu wangu. Jedwali la data linaonyesha kama unajua kupanga safu na mistari, kitu ambacho wahitimu wengi hawakijui hadi wanapoumbuka. Na ombi la mwisho ni la kitu ambacho mtafiti anaweza kutoa bila kibali cha mtu.

Ujuzi wa kuongeza ukiwa nyumbani si mwingi. R, programu ya kuchambua takwimu, ni ya bure. KoboToolbox, ambayo miradi mingi huitumia kukusanyia data kwa kishikwambi au simu, unaweza kujifunza kwa kutengeneza dodoso lako mwenyewe na kuwahoji majirani kumi. Ramani unaweza kuchora kwa QGIS, nayo ya bure. Kwa upande wa afya, kozi za maadili ya utafiti unaohusu binadamu zipo mtandaoni bila malipo, na cheti chake kinatajwa sana kwenye masharti.

Kuna ujuzi mwingine usiofundishwa chuoni, nao ni kuingia kijijini. Utafiti wenye vibali unashuka kwa ngazi: barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake. Kijana anayepitiliza moja kwa moja shambani kwa sababu "muda hautoshi" atarudishwa, na siku imekwenda. Hata ukifika kwa utaratibu, jiandae.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyinyi ni wale mliochukua udongo mwaka jana?"

"Hapana mzee, sisi ni wa mradi mwingine."

"Basi hao wenzenu waambieni majibu yetu hatujayaona. Na nyie mtaleta?"

Swali hilo utaulizwa karibu kila kijiji, na usitoe ahadi ambayo si yako. Jibu salama ni kusema nani mwenye mradi, ameahidi kurudisha nini na lini, na kumwachia mtendaji namba ya mtafiti mkuu. Ukiporomosha ahadi, timu inayokuja mwakani itafunguliwa mbwa.

Kujitolea, na mwisho wake

Hapa nina msimamo. Kujitolea kunafaa, kwa masharti. Mtu wa Mtwara anayeishi kwa wazazi ana faida ambayo mhitimu wa Kigoma aliyetumwa huku hana: analala kwao, anakula kwao, na nauli ya daladala ya Naliendele haimshindi. Faida hiyo ina muda wake. Miezi mitatu inatosha watu kukujua na wewe kujua kama kazi yenyewe unaipenda. Miezi sita ni mwisho wa ustaarabu. Ukiona unaelekea mwaka, hujafundishwa kipya, nauli unajitafutia, na kazi unayofanya ndiyo ileile anayolipwa mwenzako, ondoka. Ofisi iliyozoea mtu wa bure haina haraka ya kumlipa.

Kabla ya kuanza, omba vitu vitatu kwa maandishi: barua ya kukutambua, nauli au chakula siku za shamba, na jambo moja mahususi utakalofundishwa. Mabinti waulize pia timu inalala wapi na nani anapangiwa chumba na nani. Si swali la deko. Njia rasmi ni mafunzo tarajali yanayoratibiwa na TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, ambayo angalau yana mkataba unaotambulika.

Ukipata mkataba wa mradi, usome wote. Unaisha lini? Michango ya NSSF inapelekwa? Ukiumia porini nani anagharamia? Na kama ulikopa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, jua kwamba asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itaenda huko, ili usipange maisha kwa hesabu ya mdomo.

Halafu kuna matapeli, ambao nao wanasoma matangazo yaleyale unayoyasoma. Anayekutaka ulipie fomu, sare au "uhakiki" ili uitwe usaili, ni tapeli hata kama barua yake ina nembo ya Taifa. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji ada. Wengine ni wastaarabu zaidi: wanakuandikia barua pepe wakikusifia utafiti wako wa mwaka wa tatu na kuahidi kuuchapisha kwenye jarida lao ndani ya wiki moja, ukilipa. Jarida linalopitisha makala kwa wiki halijasomwa na mtu, na watafiti wakiliona kwenye wasifu wako watakuhesabia hasara.

Mwaka mmoja au miwili ya kazi za mradi ikipita, swali la shahada ya uzamili litakuja lenyewe, kwa sababu bila hiyo utabaki msaidizi. Waliofanikiwa kupata ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, huwa na kitu ambacho mhitimu mpya hana: swali lililotokana na shamba halisi, na barua ya mtafiti aliyewaona wakifanya kazi. Lipangie hilo siku unayoingia mradini, si siku unayotoka. Muulize mtafiti mkuu mapema kama sehemu ya data utakayokusanya unaweza kuitumia kwenye tasnifu yako, ni sehemu ipi, na jina lako litawekwa wapi makala ikichapishwa. Wengi hukubali wakiulizwa mwanzoni. Akishakubali kwa mdomo, mwandikie barua pepe jioni hiyohiyo, umshukuru na urudie mlichokubaliana, neno kwa neno.